Sura ya Tano: Mashine Haina Mkwe

Mvua ilikuwa inanyesha, na mashine ilikuwa inasema hainyeshi.

Inspekta aliinua uso akatazama dari. Juu yake mabati yalikuwa yanapiga makofi. Akaushusha uso kwenye kisanduku kilichokuwa mezani, kisanduku cheupe chenye kioo, kisichozidi ukubwa wa kitabu cha hesabu, akasoma tena. Mvua: sifuri. Akakigonga kioo kwa ukucha, kama mtu anayemwamsha mlinzi aliyesinzia zamuni. Sifuri.

"Sajini," aliita bila kugeuka. "Huko nje kuna nini?"

Sajini alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, mabega yamelowa. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye ulimi wake ulikuwa umemchelewesha cheo mara mbili.

"Kuna mvua, afande. Au nikukingie kidogo kwenye kikombe uonje?"

Siku nyingine Inspekta angemkaripia. Safari hii alikigonga kioo tena.

Walikuwa wamekuja kuchukua kielelezo tu. Kesho asubuhi fundi bomba angefikishwa mbele ya hakimu kwa shitaka la kumsukuma baba mkwe wake kutoka juu ya ngazi, na kisanduku hiki ndicho kingekuwa shahidi mkubwa. Kabla ya kukitia kwenye mfuko wa vielelezo, Inspekta alikuwa amechomeka waya kutoka kwenye kompyuta yake, achape kumbukumbu kwa mara ya mwisho, nakala safi ya kumpendeza hakimu. Alikuwa mtu wa nakala safi. Kituoni vijana walimwita Mzee Kithibitisho, yeye akijifanya hajui, huku jina lenyewe likimkaa kama koti la kushonesha.

Mwenye nyumba ile, mpima ardhi mstaafu, alikuwa amelala hospitali siku ya tatu na ufa kichwani, hajatamka neno. Kwa miaka mingi mzee huyo alikuwa amepima mbingu baada ya kustaafu kupima ardhi. Juu ya paa aliweka vikombe vya upepo na kipima mvua, na vyote vilituma habari kwa redio hadi kwenye kisanduku cha sebuleni. Kisanduku kiliandika mstari mmoja kila baada ya muda, na mistari hiyo ndiyo iliyomfunga fundi bomba.

Maana fundi bomba, mume wa binti pekee wa mzee, ndiye aliyemkuta chini ya ngazi, na ndiye aliyepiga ukunga kuomba msaada. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Alikuwa anatengeneza bomba la jikoni. Akatoka kwenda dukani kununua mpira wa bomba. Wakati wa kurudi manyunyu yakamkuta njiani, akajibanza kibarazani kwa fundi cherehani mpaka yakakatika. Alipoingia uani, mzee alikuwa chini.

Lakini kisanduku kilisema vingine. Muda wote ambao fundi alidai alikuwa amejibanza, hakikuandika hata tone. Mvua iliandikwa baadaye, yote katika mstari mmoja, wakati ukunga ulikwisha kupigwa. Kama mvua ilikuja baada ya mzee kuanguka, basi fundi alijificha nini pale kibarazani? Tena asubuhi hiyo majirani walikuwa wamesikia mzee akimfokea, akimwita fundi wa kuazima spana.

Inspekta alikuwa amelitandaza karatasi la mistari hiyo hapa hapa, juu ya meza hii hii, mbele ya mke wa fundi na mbele ya mama mkwe wake.

"Ilikuwa inanyesha, afande," fundi alikuwa amesema.

"Wewe ni mwongo," Inspekta alimjibu. "Mtu anaweza kumtetea shemeji yake, anaweza kumwogopa baba yake. Mashine haina shemeji. Mashine haina mkwe."

Aliipenda sentensi ile. Siku ile ile aliirudia kituoni mara mbili.

Mama mkwe alikuwa ameinuka polepole, akamwambia mume wa binti yake, "Usinivukie tena kizingiti changu." Fundi aliinamisha kichwa. Alitazama sakafu. Mtu akiitwa mwongo mbele ya mama mkwe, afadhali avuliwe nguo sokoni. Sokoni angalau watu hupita.

"Afande," Sajini alisema sasa, taratibu, "hiyo mashine si inasema sifuri?"

"Naona."

"Na mabati si yanalia?"

"Nasikia, Sajini!"

Akautazama waya. Ulitoka kwenye kompyuta yake, ukapita kando ya kikombe cha kalamu, ukaingia nyuma ya kisanduku kwenye tundu dogo, tundu ambalo mafundi wa kompyuta huliita siriali kwa sababu hupitisha habari moja moja kwa mstari, kama watu kwenye mlango mwembamba. Akaushika. Akauchomoa.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha kisanduku kikalia mlio mmoja mfupi. Namba ya upepo ikaruka. Namba ya mvua ikaruka nayo: kutoka sifuri hadi mvua yote iliyokwisha kunyesha tangu waya ulipochomekwa, kwa mkupuo, kama wageni waliofungiwa nje kisha wakafunguliwa mlango wote pamoja.

Inspekta aliketi. Aliketi vibaya, nusu ya kiti.

"Nipe kile kijitabu cha maelekezo," alisema.

Sajini alikitoa kwenye mfuko. Inspekta alikisoma chote, kurasa za betri, kurasa za saa, kurasa za kufunga vikombe vya upepo. Tundu lile lilikuwa na sentensi moja tu: hapa huunganishwa kompyuta. Hakuna palipoandikwa kwamba kisanduku kikishikwa na kompyuta huacha kulisikiliza paa. Waliokiunda ama hawakujua, ama walijua wakanyamaza.

"Yaani kikianza kuongea na kompyuta, masikio yanaziba?" Sajini aliuliza.

"Hatujui bado. Mara moja ni bahati. Tutajaribu mpaka tujue."

Walisubiri mvua ikatike. Kisha Sajini alipanda ngazi, ile ile, huku akilalamika kwamba serikali haikumwajiri kuwa paka, na Inspekta akabaki sebuleni, dirisha wazi.

"Waya haujachomekwa!" alipaza sauti. "Mimina!"

Sajini akamimina kikombe cha maji kwenye kipima mvua. Kisanduku kikahesabu.

"Nimechomeka! Mimina!"

"Nimemimina!"

Sifuri. Inspekta alisubiri, akasubiri tena. Namba za paa zilisimama kama askari gwarideni. Joto la nje halikusogea, upepo haukusogea. Namba za ndani tu, joto la sebule na kanieneo ya hewa, ndizo zilizoendelea kupanda na kushuka, kwa kuwa vipimo vyake vilikuwa ndani ya kisanduku chenyewe. Ukitupa jicho moja ungeapa mashine yote ni hai.

"Nimechomoa!"

Mlio mfupi. Kikombe cha pili kikaingia chote.

"Rudia!"

"Afande, ngazi inateleza!"

"Shika vizuri. Rudia!"

Walirudia mpaka Sajini akaishiwa maji na maneno. Jibu halikubadilika. Hapo Inspekta akachukua lile karatasi la siku ya tukio, lenye muhuri na sahihi yake, akaliweka mbele yake. Safari hii hakuisoma safu ya mvua peke yake. Aliweka kidole kwenye safu ya upepo, akashuka nayo. Namba ile ile. Mstari wa pili, ile ile. Wa tatu, wa nne, ile ile hadi kwenye nukta. Joto la nje nalo vivyo hivyo, tangu kabla fundi hajatoka kwenda dukani mpaka ukunga ulipopigwa. Upepo gani huo, tangu dunia iumbwe, uliovuma kwa kipimo kimoja mchana mzima?

Jambo hilo lilikuwa wazi kwenye karatasi kwa siku tatu. Alikuwa amesoma safu moja kati ya nane, kwa kuwa hiyo moja ilimpa alichokitaka.

"Fundi cherehani alisema manyunyu," Sajini alisema. Alikuwa amerudi, anajifuta mikono. Hakutabasamu. "Alisema alianua nguo za wateja, wakasimama pale pamoja na fundi. Na huu mstari unaonyesha kishindo cha mvua, yote mara moja. Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Ukasema watu husahau."

"Nikasema pia kwamba yeye ndiye anayemshonea fundi suruali," Inspekta alisema. "Kwa hiyo sikuandika. Sema yote, Sajini, usinibakizie."

Sajini hakusema yote. Aliitazama kofia yake.

Mlango wa jikoni ulifunguka, mama mwenye nyumba, yule mama mkwe, akatoka na ndoo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyefunga kitambaa kichwani kwa nguvu kama anayezuia kichwa kisiondoke. Bomba la jikoni lilikuwa bado linavuja tangu siku ile, na kila baada ya muda ilimbidi amwage maji.

"Mmemaliza na hicho kidudu?" aliuliza. "Kichukueni. Sitaki kukiona."

"Mama, kaa kidogo," Inspekta alisema. "Siku ile mzee alipoanguka, waya ulikuwa umechomekwa hapa nyuma?"

"Mimi nitajuaje mambo ya waya, mwanangu? Zamani alikuwa anachomeka, anachukua habari zake, anachomoa. Juzi juzi binti yetu akamletea kompyuta mpya. Akamwambia, baba, acha tu uchomekwe, kompyuta itajichukulia yenyewe, usihangaike. Mzee akafurahi kama mtoto aliyepewa…" Akamtazama Inspekta. "Kwa nini?"

"Tulipofika waya ulikuwa unaning'inia. Nani aliuchomoa?"

Mama alifikiri. Akaweka ndoo chini.

"Nilikuwa nimelala. Nikasikia yule anapiga kelele, mama, mama. Nikakimbilia simu nimpigie daktari, na simu ilikuwa hapo inachajiwa. Nikavuta nyaya zote kama mtu anayeng'oa magugu. Labda na huo ulikuja."

"Na ulipotoka uani, kulikuwa kunanyesha?"

"Nilikuwa naangalia damu, mwanangu. Sikuangalia mbingu."

Sajini alishusha pumzi. Inspekta akafungua mfuko wa vielelezo, akatoa bahasha ndefu. Ndani yake mlikuwa na brashi ndogo ya rangi, nywele zake zimekauka. Waliiokota majanini karibu na ngazi, na Inspekta akaiandika kwenye orodha: kifaa cha mtuhumiwa. Fundi alikuwa amekataa. Alikuwa hata amecheka kidogo, siku ile, kabla hajaacha kucheka. Fundi bomba na brashi ya rangi, wapi na wapi?

"Mama, hii unaijua?"

Alinyoosha mkono, akakumbuka kwamba ni kielelezo, akaurudisha.

"Ya mzee. Ya kufagia buibui kwenye kile kikombe cha juu. Namba zikikwama tu, husema buibui wamejenga, anachukua brashi anapanda. Nimemkataza mara ngapi! Mzee mzima, magoti hayana mafuta, anapanda paani kugombana na buibui!"

Alisema hayo kwa sauti ya mke anayelalamika. Akalitazama lile tundu, akautazama waya, akaitazama brashi.

"Namba zilikuwa zimekwama," alisema.

"Zilikuwa zimekwama kwa sababu ya waya," Inspekta alisema. "Mzee akadhani ni buibui. Akapanda, manyunyu yakamkuta juu, ngazi ikalowa. Hakuna aliyemsukuma, mama. Na mvua ilinyesha wakati ule ule aliosema mkweo."

Bomba lilidondosha tone jikoni. Wote watatu walilisikia.

"Nilimfukuza," mama alisema. "Mbele ya mke wake. Miaka yote ile hajawahi kuniinulia sauti, na mimi nikamfukuza kama mbwa aliyekula kuku."

"Ulimfukuza kwa neno langu."

"Neno lilikuwa lako, mdomo ulikuwa wangu." Akamshika mkono, ghafla, kwa nguvu ambayo Inspekta hakuitegemea kwa mwanamke wa umri ule. "Binti yangu asijue habari ya huo waya. Ndiye aliyesema uachwe. Yuko hospitali hapo, amekaa kwenye kiti usiku na mchana. Ukimwambia ameua baba yake…"

"Mzee hajafa, mama. Na mimi sitaandika binti. Nitaandika waya. Waya hauna mama wa kuona haya."

Alikaa akaandika pale pale mezani, kwa mkono, kabla ujasiri haujamtoka. Aliandika jinsi walivyojaribu, nini kilimiminwa, nini kilihesabiwa. Alipofika mahali pa kueleza kwa nini jaribio hilo halikufanywa siku ya kwanza, kalamu ilisimama. Sajini alijitia anafunga mfuko. Inspekta akaandika: kwa uzembe wa mpelelezi. Akatia sahihi, ile ile iliyokuwa kwenye karatasi la kwanza.

Kisha akampigia simu mkuu wa kituo. Maongezi hayakuwa marefu.

"Ndiyo, mkuu… Hapana, mkuu, si wakili wake. Ni mimi… Ndiyo, ndiye yule niliyesema hana pa kutokea… Nimeelewa. Nitakuja na barua ya maelezo."

Alipokata simu masikio yake yalikuwa ya moto.

"Sajini, nenda ukamtoe," alisema, kisha akajirudi. "Hapana. Nitamtoa mwenyewe."

"Na mimi nakuja," mama alisema. Alikuwa tayari amevaa viatu.

*

Fundi bomba alitoka mahabusu bila mkanda, mkono mmoja umeshika suruali. Alikuwa kijana mfupi mwenye vidole vinene, na siku tatu zilikuwa zimemchimba mashavu. Alipomwona mama mkwe wake kaunta alisimama ghafla, akatazama viatu vya yule mama, kisha ukuta. Aliishika ile suruali kwa nguvu zaidi.

Askari wawili walikuwa kaunta, na mwingine dirishani anakunywa chai. Inspekta aliwaona wote. Kulikuwa na chumba kitupu hatua chache tu kutoka pale, chenye mlango unaofungika. Hakukiendea.

"Nilikuita mwongo," alisema, "mbele ya mama huyu. Nimemleta yeye mwenyewe ili nikwambie mbele yake. Ilinyesha. Ulisema kweli tangu neno la kwanza. Aliyesema yasiyokuwepo ni mimi. Naomba unisamehe."

Yule wa dirishani aliacha kunywa chai.

Fundi alizidi kuutazama ukuta. Aliuliza, "Mzee je?"

"Bado," mama alisema. "Lakini asubuhi amemfinya mkeo kidole. Daktari anasema ni dalili njema."

"Alhamdulillahi."

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Akaikaza ile kamba ya mkoba wake, akaizungusha kidoleni. Alikuwa amejiandaa njiani kote. Inspekta alimsikia garini akinong'ona peke yake.

"Bomba bado linavuja," alisema hatimaye.

Fundi aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Mpira wake ninao," alisema. "Upo kwenye bahasha yao."

Askari wa kaunta akamwaga vitu vyake mezani: mkanda, funguo, kitambaa, na mpira mweusi wa bomba, mpya, bado na vumbi jeupe la dukani. Inspekta ndiye aliyeuandikisha siku ile ya kwanza. Kwenye maelezo alikuwa ameweka kwamba huenda ulinunuliwa siku nyingine. Hakuwahi kumtuma mtu dukani kuuliza.

Fundi akauchukua akaufuta kwa kidole gumba, akautia mfuko wa shati.

"Twende nyumbani, baba," mama mkwe alimwambia, na akampisha atangulie.

Kulikuwa na mfuko wa spana, mzito, wenye lebo ya kielelezo shingoni. Sajini aliinama auchukue. Inspekta akamwahi. Akaing'oa lebo, akautupia mfuko begani, akaupitisha mbele ya kaunta, mbele ya dirisha la chai, mbele ya vijana waliokuwa wakipiga soga kwenye korido na ambao sasa walikuwa hawasemi kitu. Vyuma viligongana mgongoni kwake kila hatua. Nyuma yake mmoja alisema, "Mzee Kithibitisho leo amekuwa kibarua," na mwingine akamwambia nyamaza.

Mlangoni fundi alisimama. Alitazama juu, kisha akamgeukia.

"Inanyesha, afande," alisema, kwa sauti ile ile aliyoitumia siku ile sebuleni.

Inspekta alinyoosha mkono wake nje ya ukingo wa paa, kiganja juu, akauacha hapo mpaka ukalowa.

"Kweli," alisema. "Inanyesha." Akatangulia kuingia mvuani.